Usikope kununua lenzi kubwa, anza na 18-55

Leo tunaacha kidogo mbolea na viuatilifu, tuzungumze kamera. Msimu huu vijana wa kata yangu, na hata maafisa ugani wenzangu wawili watatu, wamenijia na swali lile lile: "Afisa, nimepata kamera ya mtumba, ninunue lenzi gani ya bei nafuu itakayofanya kazi zote?" Wananiuliza mimi kwa kuwa wananiona na kamera kwenye shamba darasa na kwenye maonesho ya Nanenane. Ila ukimsikiliza kijana mpaka mwisho unagundua swali si la picha peke yake. Fedha anayotaka kununulia lenzi ni ya magunia ya mahindi atakayouza mwezi wa sita, wakati kila mtu anauza na mnunuzi anajipangia bei. Mwingine anasubiri mkopo wa kikundi kutoka halmashauri, ile asilimia 4 ya vijana. Mkopo ule hauna riba, lakini si sadaka. Unarudishwa, na kikundi kizima kinaubeba.

Kwa hiyo nitasema ninavyoona mimi, na anayepinga apinge kwa hoja. Kwa mtu anayeanza, lenzi ya kazi zote ni ile ndogo ya 18-55 yenye kituliza mtikisiko. Ni ile ile ambayo mara nyingi inakuja na kamera ndani ya boksi, na ambayo kila mjuaji atakwambia uiuze haraka. Si 50mm, si 75-300, wala si 18-200. Kama kamera yako imekuja nayo, kazi ya kununua imekwisha. Kama umenunua bodi tupu, itafute hiyo kwanza.

Nazungumzia kamera ambazo vijana wetu wanazo kweli: Canon 600D, 700D, 1200D, Nikon D3200, D5300 na wenzao. Hizi zina sensa ndogo, ambayo kwenye Canon upana wake ni kama milimita 22 na kwenye Nikon ni kama 23 na nusu. Shika hiyo namba 22, maana ndiyo itakayokuokoa na maneno ya wauzaji.

HESABU YA CHUMBA

Kuna hesabu moja rahisi ambayo huhitaji fundi kukufanyia. Chukua umbali kati yako na unayempiga picha kwa mita, zidisha kwa 22, kisha gawanya kwa namba ya lenzi. Jibu ni upana wa kinachoingia kwenye picha, kwa mita.

Tuseme umesimama mita 3 kutoka kwa watu, umbali wa kawaida sebuleni au kwenye ofisi ya kijiji. Kwa lenzi ya 18 unapata 3 mara 22, gawa kwa 18, yaani kama mita 3.7. Watu saba wanaingia wakisimama bega kwa bega. Kwa lenzi ya 50, hapo hapo ulipo, unapata mita 1.3. Wanaingia wawili, wa tatu anakatwa bega. Kwa 75, ambayo ndiyo namba ndogo kuliko zote kwenye ile lenzi ya 75-300, unapata chini ya mita moja. Bibi harusi anatoka kichwa na mabega, na gauni alilokodi kwa fedha nyingi halionekani.

Sasa igeuze hesabu. Kikundi cha VICOBA kina wanachama kumi na wawili, wamepanga mstari mmoja wa mita 6. Ukiwa na 18 unarudi nyuma kama mita 5, unapiga. Ukiwa na 50 unatakiwa urudi mita 13 na zaidi. Ukumbi gani wa kata una nafasi hiyo? Utatoka mlangoni, utavuka barabara, na ukifika unapotaka kusimama kutakuwa na bodaboda wameegesha katikati yenu.

Hii ndiyo sababu yangu ya kwanza na ndiyo kubwa. Vyumba vyetu ni vidogo, na watu wetu wanapenda kupigwa picha wengi kwa pamoja. Mpiga picha wa kijijini anaishi kwa picha za vikundi: familia baada ya kipaimara, mahafali ya darasa la saba, kamati ya maji na viongozi waliokuja kuzindua kisima. Nenda kwenye shughuli yoyote ya aina hiyo na lenzi isiyoweza kuchukua watu kumi chumbani, uone kama utalipwa.

KUHUSU HIYO HAMSINI

Najua mtakachosema. "Afisa, mtandaoni wote wanasema mwanzo mzuri ni 50mm f/1.8." Wanasema, na hawadanganyi, ila wengi wao wanazungumza kutokana na mazingira yao. Ushauri huo ni wa zamani, wa enzi za filamu. Kwenye kamera ya filamu, au kamera ya kisasa yenye sensa kubwa, 50 inaona kwa upana wa wastani. Kwenye kamera yako yenye sensa ndogo, 50 ile ile inaona kama 80 kwenye Canon na kama 75 kwenye Nikon. Imekuwa lenzi ya kupiga sura ya mtu.

Kwa sura, sina ubishi, ni nzuri sana. Nyuma kunayeyuka, macho yanang'aa, mteja anafurahi. Bei yake pia si mbaya. Canon walipoitoa ile ya STM mwaka 2015 waliiuza dola 125 hivi, na za mtumba zimejaa. Tena inapitisha mwanga mwingi. Ukilinganisha f/1.8 na f/5.6 ambayo 18-55 inafikia ukizungusha mpaka mwisho, 50 inaingiza mwanga mara tisa na zaidi. Jioni isiyo na umeme hiyo ni tofauti kubwa, na anayeipuuza hajawahi kupiga picha kanisani saa moja usiku.

Lakini mwanga huo una gharama yake, na wauzaji hawaisemi. Ukiwa mita moja na nusu kutoka kwa mtu na umefungua f/1.8, sehemu inayotoka safi ina kina cha kama sentimita 6 tu. Mtu akigeuza uso kidogo, jicho moja linakuwa safi na la pili limelegea. Kwenye picha ya kikundi cha mistari miwili ni balaa. Wazee waliokaa mbele wako safi, akina mama waliosimama nyuma wameyeyuka. Utalazimika kufunga tundu la mwanga mpaka f/5.6 au f/8 ili wote watoke. Ukishafika hapo, ile faida uliyoilipia umeiacha nyumbani, na upana bado huna.

Kuna na jambo la pili, linalotuhusu sisi watu wa kilimo.

KIWAVI NA SHAMBA LAKE

Ninapoomba mkulima au afisa mwenzangu anitumie picha ya mmea wenye tatizo, naomba tatu. Ya kwanza ni ya shamba, nione tatizo limeenea vipi: ni mabaka, ni mstari mmoja au ni shamba lote. Ya pili ni ya mmea mzima kuanzia chini hadi juu. Ya tatu ni ya sehemu yenyewe iliyoathirika, karibu kabisa. Picha ya jani peke yake haitoshi kwa mtaalamu wa TARI au wa mamlaka ya afya ya mimea (TPHPA) kukusaidia, na picha ya shamba peke yake haitoshi pia.

Lenzi ya 18-55 inafanya zote tatu bila kuivua. Unaweka 18 kwa shamba, 35 hivi kwa mmea, halafu unazungusha mpaka 55 na kusogea karibu. Wengi hawajui kwamba lenzi hii ndogo inasogea karibu kuliko nyingi za bei yake. Ile ya Canon yenye IS inakubali umbali wa sentimita 25. Zingatia kuwa umbali huo unapimwa kutoka kwenye sensa iliyo ndani ya kamera, kwa hiyo mdomo wa lenzi unakuwa karibu zaidi na jani. Ukifika hapo, picha nzima inabeba upana wa kama sentimita 6 na nusu. Kiwavijeshi vamizi aliyekomaa ana urefu wa sentimita 3 hadi 4, yaani anajaza nusu ya picha. Ile alama ya Y iliyopinduliwa kichwani inaonekana, na yale madoa manne yaliyokaa kama pembe za mraba karibu na mkia yanahesabika. Huhitaji kubishana tena kama ni huyu au ni kiwavi mwingine wa mahindi.

Ile 50 ya Canon ya STM inasogea hadi sentimita 35, na picha inabeba upana wa sentimita 10 na zaidi. Ile 50 ya zamani, yenye kitako cha plastiki na inayouzwa rahisi zaidi, inaishia sentimita 45 na inabeba upana wa karibu sentimita 15. Kiwavi hapo anakuwa mdogo. Unaweza kuikata picha baadaye, sawa, ila ni kwa nini ulipie zaidi upate kidogo? Kwa kantangaze kwenye nyanya, ambapo unatafuta michirizi ya ndani ya jani na tundu dogo kwenye tunda, tofauti hiyo unaiona mara moja.

(Ushauri wa pembeni: weka rula, au hata kiberiti, kando ya mdudu kabla ya kupiga. Picha isiyo na kipimo inafanya funza awe na ukubwa wa nyoka.)

Mtu ataniambia simu inatosha kwa kiwavi. Kwa picha ya kutuma WhatsApp, mara nyingi ndiyo, na mkulima ambaye hana mpango wa kufanya biashara ya picha sioni sababu anunue kamera. Nazungumza na yule ambaye tayari anayo na anataka imlipe.

LENZI NDEFU ZINAVYOTUDANGANYA

Vijana wanapenda lenzi ndefu kwa sababu inatisha. Ukisimama nayo kwenye sherehe unaonekana mtu wa televisheni. Ile 75-300 ya Canon ndiyo inayowanasa wengi, kwa sababu wauzaji wanapenda kuifunga pamoja na kamera kama zawadi. Haina kituliza mtikisiko kabisa. Ukizungusha mpaka 300 na mkono wako ukatetemeka kidogo tu, picha imeharibika, na utalaumu kamera. Pia haikubali kitu kilicho karibu kuliko mita moja na nusu. Kwa kazi za kijijini itakufaa kwa mpira wa mchana na kwa ndege wa porini, labda na kwa mgeni rasmi aliye jukwaani ambaye walinzi hawataki umsogelee.

18-200 na jamaa zake wana hoja nzuri zaidi: lenzi moja, kila kitu ndani yake. Sikatai. Mwenye fedha yake na anayepiga picha nje mchana atafurahi nayo. Lakini ile ya Canon ina uzito wa karibu gramu 600, wakati 18-55 ni kama gramu 200. Bei yake iko juu sana. Na gizani haikusaidii chochote zaidi, maana nayo inaishia f/5.6 vile vile. Kwa mtu anayeanza ni kulipia umbali ambao hataufikia. Kati yao wote, 18-135 yenye IS ndiyo ningeivumilia, kama umeipata kwa bei ya karibu na ya 18-55 na ni nzima. Hiyo hutokea kwa bahati, usiisubiri.

Kabla ya kutoa fedha kwa lenzi yoyote, fanya hesabu kama tunavyofanya kwa pampu ya kumwagilia. Mfano tu: lenzi ni shilingi 300,000 na faida yako kwa shughuli moja, baada ya nauli na kusafisha picha, ni 20,000. Unahitaji shughuli 15 kuirudisha. Kama kijijini kwako zinapatikana mbili kwa mwezi, ni miezi saba na nusu ya kufanya kazi ya kuilipa lenzi tu, bila kula. Je, hiyo lenzi itakuletea shughuli ambazo leo unazikosa? Kama jibu ni hapana, umenunua pambo.

UDHAIFU WAKE NI GIZA

Sitaki mtu aje kunilalamikia kuwa nimemficha. 18-55 inaona vibaya gizani. Kituliza mtikisiko kinatuliza mkono wako, hakimtulizi mtoto anayecheza wala kwaya inayopunga mikono. Kwa hiyo ukiwa ndani kaa kwenye 18 hadi 24, maana huko tundu lake ni f/3.5 hadi 4 hivi na linaingiza mwanga zaidi kuliko ukizungusha mbele. Sogea kwa miguu badala ya zumu. Pandisha ISO hadi 1600 au 3200 bila woga. Chenga zitakazotokea hazionekani sana kwenye picha iliyosafishwa kwa saizi ndogo ya albamu, na mteja anapendelea picha yenye chenga kidogo kuliko yenye mtu aliyefifia.

Fleshi ndogo iliyo juu ya kamera nayo itumie, ukijua mwisho wake. Kwenye 600D, kwa ISO 400 na f/5.6, inafika kama mita nne na nusu. Anayepiga kutoka mita kumi ukumbini anamulika migongo ya watu wa mbele tu. Kama kuna dari nyeupe, fleshi ya kuchomeka unayoweza kuielekeza juu itakusaidia kuliko lenzi yoyote mpya, na za mtumba zipo za bei ya kawaida. Chini ya bati tupu haisaidii sana. Mwanga unapotea juu, au unarudi umejaa mng'ao.

Na sura za watu zipige ukiwa 45 hadi 55, umerudi nyuma mita mbili. Anayempiga mtu picha ya pasipoti kwa 18 akiwa amemkaribia, anampa pua ya mtu mwingine.

SOMA HERUFI KABLA YA KULIPA

Hapa ndipo watu wanapoliwa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

18-55 haziko sawa zote. Kwa Canon tafuta herufi IS. Zipo zilizoandikwa II au III bila IS, na kwa macho zinafanana kabisa. Hizo hazina kituliza mtikisiko. Kwa Nikon herufi ni VR, kwa Sony ni OSS. Muuzaji akikwambia "zote ni moja", mshukuru na uendelee na safari.

Kwa Nikon kuna mitego miwili. Kamera za D3000 na D5000 na familia zao (D3100, D3200, D5100, D5300 na kadhalika) hazina mota ya fokasi ndani ya bodi. Ukinunua lenzi za zamani zilizoandikwa AF au AF-D, kama ile 50mm f/1.8D, itabidi uzungushe fokasi kwa mkono. Kwa hizo unahitaji AF-S. Mtego wa pili ni AF-P, lenzi mpya zaidi. 18-55 ya AF-P ni nzuri, lakini kwenye D3100, D3200 na D5100 haifokasi. Kwenye D3300 na D5300 inafanya kazi ikiwa programu ya ndani ya kamera imesasishwa. Yaani unaweza kununua lenzi mpya, safi, ya kampuni ile ile, na isifanye kazi kwenye kamera yako. Nenda dukani na kamera mkononi. Usiende na jina lake kichwani.

Kwa Canon ni rahisi. Angalia alama kwenye kitako cha lenzi. Mraba mweupe ni EF-S, ya kamera zenye sensa ndogo kama yako. Kitone chekundu ni EF, inakubali kamera yako pia. Siku ukihamia 5D au 6D, zenye sensa kubwa, zile za mraba mweupe haziingii. Na kamera mpya zisizo na kioo zina kitako kingine, zinahitaji adapta. Usilipie leo kwa ajili ya kamera ambayo huna.

UKIKAGUA YA MTUMBA

Nenda mchana, beba tochi na kadi yako ya kumbukumbu. Vua lenzi, fungua vifuniko vyote viwili, imulike kutoka nyuma huku ukitazama kwa mbele, kisha geuza. Vumbi kidogo ndani si kitu. Unachotafuta ni kuvu, nyuzi nyembamba zinazotambaa kama mizizi au utando wa buibui, mara nyingi zikianzia pembeni. Lenzi iliyokaa Tanga, Mtwara au visiwani ndani ya begi la ngozi kwa miaka ina nafasi kubwa ya kuwa nayo. Ukiiona, rudisha, hata kama bei imeshushwa nusu. Kuvu la lenzi halina tofauti kubwa na la mahindi: linapenda unyevu na giza, na likishaingia linaendelea kula. Mahindi tunayashusha chini ya asilimia 13.5 ya unyevu kabla ya kuyahifadhi. Lenzi nayo iweke kwenye chombo cha plastiki kinachofunga vizuri, na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye viatu vipya. Msivitupe.

Halafu zungusha zumu mwanzo hadi mwisho mara kadhaa. Ikikwaruza, kuna mchanga. Ifunge kwenye kamera, washa, bonyeza kitufe cha kupigia nusu na usikilize. Fokasi inatakiwa ikamate bila kuhangaika kwenda na kurudi. Kisha piga ukuta wa matofali au gazeti lililobandikwa bapa, kwa 18, kwa 35 na kwa 55, kwenye f/8. Kuza picha kwenye kioo cha kamera, linganisha kona ya kushoto na ya kulia. Upande mmoja ukiwa safi na mwingine umelegea, hiyo lenzi imeshadondoka. Muuzaji ataapa kwamba haijawahi. Wewe amini ukuta.

Na ukiwa na lenzi moja tu kuna faida nyingine ambayo sijaona wakiisema: hubadilishi shambani. Kila unapovua lenzi wakati wa kupura mahindi au kupepeta karanga, vumbi linaingia kwenye sensa, na utaliona kama madoa kwenye kila picha yenye anga.

Fedha itakayobaki, nunua betri ya pili na kadi ya pili kabla ya kitu kingine chochote. Harusi ya kijijini haina mahali pa kuchaji, na kadi ikifa jioni huwezi kumwambia bibi harusi arudie kuingia.

LENZI YA PILI

Itafika siku 18-55 haitoshi, na siku hiyo utaijua kwa namba, hutabahatisha. Kila picha inahifadhi ndani yake urefu wa lenzi uliotumika. Kwenye kompyuta bonyeza picha kwa kitufe cha kulia cha mausi, fungua maelezo yake, utaona: 18, 24, 35, 55. Baada ya miezi mitatu au minne ya kazi chukua picha zilizolipiwa tu, uandike namba zake kwenye daftari.

Zikiwa nyingi karibu na 35, na ISO yake iko 3200 au 6400 kila wakati, wewe unafanya kazi ndani, gizani. Wa Nikon atafute AF-S DX 35mm f/1.8. Wa Canon aangalie EF-S 24mm f/2.8, ambayo ni nyembamba kama kifuniko na inasogea hadi sentimita 16, hata kwa wadudu inafaa. Zikiwa nyingi ni 55 na za sura za watu, sasa nunua hamsini, na ninakuunga mkono. Zikiwa 55 na bado umelazimika kuzikata kwa sababu watu wako mbali, tafuta 55-250 yenye IS, wala usiiguse ile 75-300. Na zikiwa nyingi ni 18, funga daftari. Lenzi uliyonayo inakutosha, nenda kapige picha.